Ukitaka kuuelewa ubongo, angalia kilichokatika

Mzee kaamka asubuhi mkono wa kulia hauinuki, mdomo umevutwa upande, anataka kuongea maneno hayatoki. Anakimbizwa hospitali, wanapiga picha ya kichwa, jibu linarudi kwamba tatizo liko upande wa kushoto wa ubongo. Hapo ndo ndugu wanaanza kunong'ona, sasa kushoto vipi wakati kilichokufa ni kulia, hawa hawajachanganya picha kweli? Hawajachanganya. Na ukielewa kwa nini hawajachanganya, umeshaelewa kipande kikubwa cha jinsi ubongo na mishipa ya fahamu inavyofanya kazi.

Shida ya somo hili ni jinsi tulivyofundishwa. Mwalimu anachora kichwa ubaoni, anaweka mishale, serebramu, serebelamu, medula, unakariri, unafanya mtihani, unasahau. Mimi naona njia rahisi ni kwenda kinyume, angalia kwanza nini kimeharibika halafu uone mtu kapoteza nini. Hata madaktari wenyewe waliujua ubongo hivyo hivyo, maana kwa miaka mingi hakukuwa na mashine ya kuchungulia ndani ya kichwa cha mtu aliye hai, ilikuwa ni kumwangalia mgonjwa, kuandika, na siku akifa wanafungua fuvu kuona palipoharibika.

Haya, huo mkasa wa kushoto na kulia. Amri ya kunyanyua mkono inatoka kwenye ukanda mwembamba juu ya ubongo, unaopita kuanzia karibu na sikio moja, utosini, mpaka sikio la pili, pale pale hedibendi inapokaa. Kutoka hapo inashuka na nyuzi za neva hadi chini kabisa ya ubongo, kichwa kinapokutana na shingo, na hapo nyuzi nyingi zinavuka, za kushoto zinaenda kulia na za kulia zinaenda kushoto. Kwa hiyo mshipa wa damu ukiziba juu ya hapo upande wa kushoto, mkono na mguu wa kulia ndo vinalegea. Hamna uchawi hapo.

Mdomo kupinda nao una siri yake na hii ijue kabisa maana inasaidia. Mwambie mgonjwa anyanyue nyusi. Misuli ya paji la uso inapokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, tofauti na ya mdomo. Kwa hiyo kama mdomo umepinda lakini paji linakunjamana vizuri pande zote, tatizo linaelekea liko juu, kwenye ubongo, na hiyo ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kama paji la upande huo limelala kabisa na jicho halifumbi, mara nyingi aliyeumia ni ule mshipa wa fahamu wa uso wenyewe ukishatoka nje ya ubongo, na wengi wa hivyo wanapona baada ya wiki au miezi. Hospitali unaenda kwa vyovyote vile, sio ukae nyumbani unapima watu nyusi.

Na uende mbio. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauweki akiba hata kidogo. Damu yake inapanda kwa mishipa minne ya shingoni, miwili mbele, ile ukiweka vidole pembeni ya koo unasikia inadunda, na miwili nyuma inayopita ndani ya pingili za shingo. Kuna makadirio yaliyochapishwa 2006 yanayosema mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba zinakufa seli za neva kama milioni 1.9 kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya hapo kwa wagonjwa wengi hatari inazidi faida. Sasa mtu anasema tumwache alale kidogo tuone kesho, kesho unaona nini?

Umbo la ubongo lenyewe unaweza kuliona pale kwenye supu ya kichwa cha mbuzi. Ukibahatika kuwepo wakati wanapasua fuvu na shoka halijauvuruga, utaona kitu laini kuliko maini, chenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na pinki, kimegawanyika katikati nusu mbili, juu kina mikunjo mikunjo. Nyuma kwa chini kuna kinundu chenye mistari myembamba iliyobanana sana, na chini ya hicho kinundu kuna mkia mweupe unaotokea kwenye tundu la fuvu kwenda shingoni. Hizo ndo sehemu tatu kubwa, ubongo mkubwa, serebelamu na shina la ubongo, na kwako wewe zimepangwa hivyo hivyo, ila wa kwako una kilo 1.3 hadi 1.4 na mikunjo mingi zaidi. Hiyo mikunjo ni namna ya kubana eneo kubwa liingie kwenye fuvu dogo, maana kazi nyingi za fikra zinafanyika kwenye gome la juu la kijivu ambalo unene wake ni milimita 2 hadi 4 tu. Ukikata ndani unakutana na nyama nyeupe, hizo ni nyuzi za mawasiliano, weupe wake ni mafuta yaliyozizunguka.

Seli za neva ziko ngapi? Vitabu vilikuwa vinaandika bilioni 100, kila mtu ananukuu kwa mwenzake. Mwanasayansi wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel, na wenzake wakaamua kuhesabu kweli, wakachukua ubongo wa wanaume wanne waliofariki, wakausaga ukawa uji, wakakoroga vizuri halafu wakahesabu viini vya seli kwenye matone. Majibu yakatoka 2009, wastani bilioni 86. Lakini mimi kilichonishangaza sio hiyo namba, ni kwamba bilioni 69 kati ya hizo ziko kwenye kile kinundu cha nyuma, serebelamu, ambacho uzito wake ni kama asilimia 10 tu ya ubongo wote, na gome lote la ubongo mkubwa ambalo ndo tunajivunia nalo lina kama bilioni 16. Na ile habari kwamba binadamu tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, achana nayo, ingekuwa kweli basi watu wengi wa kiharusi wasingehisi chochote.

Turudi kwenye maneno kupotea. Mwaka 1861 huko Paris, kwenye hospitali ya Bicêtre, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa anaitwa Leborgne ambaye kwa miaka kama 21 alikuwa anatamka neno moja tu, "tan", ukimuuliza jina "tan tan", ukimuudhi "tan tan", huku anaonyesha wazi kwamba mengi anayoambiwa anayaelewa. Alifariki siku chache baadaye, Broca akafungua fuvu akakuta palipoharibika ni sehemu ya mbele upande wa kushoto, kwa juu ya usawa wa sikio. Miaka 13 baadaye Mjerumani Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa aina nyingine kabisa, hawa wanaongea kwa kasi na lafudhi nzuri tu ila maneno hayana maana na wewe unachowaambia hawakielewi, na kwao palipoharibika ni nyuma zaidi, karibu na panaposhughulikia usikivu. Kwa hiyo kutoa maneno na kuelewa maneno ni vitu viwili vyenye sehemu mbili, na kwa watu wengi zote ziko kushoto. Ndo maana yule mzee aliyepooza kulia amepoteza na lugha, wakati jirani yake aliyepooza kushoto anaongea vizuri tu. Na tafadhali, mtu wa hivi asichukuliwe kwamba kachanganyikiwa, wapo wanaosikia na kuelewa kila kitu mnachojadili kuhusu shamba lake.

Nyuma kabisa ya kichwa, kisogoni, ndo kuna sehemu ya kuona. Ndiyo, macho yako mbele ila picha inasomwa nyuma, ukigongwa kisogo unaona nyota. Mbele nyuma ya paji kuna sehemu ya kupanga, kujizuia na kupima tabia. Kisa chake maarufu ni Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli huko Vermont, Marekani, Septemba 1848 baruti ililipuka nondo la urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 likaingia chini ya shavu likatokea juu ya kichwa, na akabaki anaongea. Aliishi miaka mingine 11 na ushee. Daktari wake aliandika kwamba tabia ilibadilika mpaka marafiki wakasema huyu sio Gage tena. Watu wanapenda kukitia chumvi kisa hiki, wanamfanya jambazi kabisa, wakati baadaye alifanya kazi ya kuendesha magari ya farasi huko Chile kwa miaka, kazi ambayo mtu asiyejizuia haimudu.

Kwangu mimi kisa kizito zaidi ni cha Henry Molaison. Huyu alikuwa kijana Mmarekani mwenye kifafa kilichoshindikana kwa dawa, na 1953 huko Hartford daktari mpasuaji William Scoville akamtoa vipande vya ndani ya ubongo vya pembeni, pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya kitu kinaitwa hipokampasi. Kifafa kikapungua sana. Akili yake ilibaki nzuri, alijaza mafumbo ya maneno, alikumbuka utoto wake, ila hakuna jipya lililokaa kichwani tena. Mtafiti Brenda Milner alimfuatilia miaka na miaka na kila akiingia chumbani ni mgeni, anajitambulisha upya. Siku moja Milner akampa mchoro wa nyota, autembezee kalamu huku anauangalia kwenye kioo tu, kitu kigumu jaribu uone, mkono unaenda kinyume. Mwanzoni aliharibu kama mtu yeyote. Siku baada ya siku akawa fundi, mistari imenyooka, na kila siku anaapa hajawahi kuuona huo mchoro, mwishoni akashangaa mwenyewe mbona imekuwa rahisi kuliko alivyodhani. Ina maana kumbukumbu ya matukio na kumbukumbu ya mikono, ile ya kuendesha baiskeli au kusuka ukili, zinakaa sehemu tofauti, ya kwanza inahitaji hipokampasi ili ihifadhiwe na ya pili haiihitaji. Molaison alifariki 2008 na hadi hapo alikuwa mgonjwa mmoja aliyechunguzwa kuliko karibu wote katika historia ya ubongo.

Kile kinundu chenye bilioni 69 kazi yake kubwa ni kulainisha mwendo, kuangalia mkono unapokwenda na kurekebisha kabla haujakosea. Ukitaka kuiona imelegea usiende mbali, subiri watu watoke baa. Pombe inaisumbua sana serebelamu, mtu anatanua miguu ili asianguke, ulimi mzito, anatia funguo pembeni ya tundu. Misuli yake ina nguvu zote, angalia tu akianza kugombana, kilichokosekana ni mpangilio.

Shina la ubongo lenyewe ni dogo, kama kidole gumba hivi, ila humo ndo kuna kupumua, mapigo ya moyo, kumeza na kuwa macho. Mishipa ya fahamu ya kichwa iko jozi 12 na 10 kati ya hizo zinatokea hapo. Ukiona daktari anammulika tochi machoni mtu aliyezimia sio anatafuta kitu ndani ya jicho, anaangalia kama mboni inasinyaa, kwa sababu njia ya hiyo taarifa inapita kwenye shina. Mboni moja ikiwa kubwa haisinyai, maana yake kuna kitu juu kinasukuma ubongo kushuka chini, na hapo kila dakika ni mali.

Hii inatokea sana kwenye ajali za bodaboda na lazima niiongelee. Fuvu la pembeni, pale juu na mbele kidogo ya sikio, ni jembamba na nyuma yake unapita mshipa wa damu. Jamaa anaanguka bila helmeti, anagonga hapo, anazimia kidogo, anazinduka, anajipangusa vumbi, anasema niko fiti na hospitali anagoma. Huku damu inavuja taratibu kati ya fuvu na ngozi ngumu ya kwanza inayofunika ubongo, na kwa kuwa fuvu halitanuki, damu ikijaa ubongo ndo unasogea. Baada ya saa kadhaa anaumwa kichwa, anatapika, anasinzia, watu wanasema mwacheni apumzike. Anapumzika kweli. Ubongo wenyewe hauna vipokezi vya maumivu, madaktari wanaweza kuupasua mtu yuko macho anaongea nao, hayo maumivu ya kichwa yanatoka kwenye hizo ngozi zake na mishipa ya damu.

Ngozi ziko tatu, na kati ya ya pili na ya tatu kuna maji masafi yanayouzunguka ubongo na kushuka hadi mgongoni. Kwa wakati mmoja yapo kama mililita 150, lakini mwili unatengeneza karibu nusu lita kwa siku, yaani yanatengenezwa yananyonywa, yanatengenezwa yananyonywa. Humo ndani ubongo unaelea, ule wa kilo na kitu unalemea kama wenye gramu 50 tu. Vijidudu vikiingia kwenye hizo ngozi na maji ndo homa ya uti wa mgongo. Njia ya maji ikiziba kwa mtoto mchanga ambaye mifupa ya fuvu haijaungana, maji yanajaa kichwa kinatanuka, ndo hao watoto wa kichwa kikubwa. Tiba ya kawaida ni kumwekea mrija unaopitisha maji toka kichwani hadi tumboni, unafanya kazi vizuri ila mrija ukiziba na hospitali iko mbali mtoto anaweza kufa. Kwenye hospitali ya watoto ya CURE pale Mbale, Uganda, miaka ya 2000 mwanzoni daktari Benjamin Warf akaanza kutumia njia ya kupenya na kamera nyembamba, anatoboa kitundu sakafuni mwa moja ya vyumba vya maji ili yapite njia nyingine, na anachoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji. Bila mrija. Njia hiyo sasa inatumika hadi Marekani, imetoka Mbale imekwenda huko, na watu wa hapa wengi hawana habari.

Sasa sindano ya mgongo. Hii imeua watu kwa kuikataa. Daktari anasema tunataka tutoe maji ya mgongo tupime, ndugu wanasema hapana, fulani alichomwa hiyo akapooza, mwingine akafa. Angalia ramani kwanza. Uti wa mgongo ni ile mifupa, pingili zilizopandana. Ndani yake inapita kamba ya neva, ugwe, unene wake unakaribia wa kidole kidogo cha mkono, urefu kama sentimita 45 kwa mwanaume. Hiyo kamba haifiki chini. Tukiwa tumboni mwa mama inajaza mfereji wote, halafu mifupa inakua kuliko kamba, ikifika utu uzima ugwe unaishia juu ya kiuno, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiunoni. Chini ya hapo kuna maji tu na nyuzi zinazoning'inia. Daktari anapapasa mifupa ya nyonga, anachoma usawa wake, yaani chini ya mwisho wa ugwe, na sindano ikiingia zile nyuzi zinasogea pembeni. Kwa mtoto mchanga ugwe unashuka kidogo zaidi kwa hiyo anachoma chini zaidi. Sehemu hiyo hiyo ndo wanapochoma ganzi ya upasuaji wa uzazi. Kichwa kinaweza kuuma baada ya hapo, hilo ni kweli, na kuna wagonjwa ambao haifai kabisa wachomwe kama presha ya ndani ya kichwa imepanda vibaya, ndo maana wanachunguzwa kwanza. Lakini wale waliokufa "baada ya sindano" wengi walikuwa wanakufa na homa ya uti wa mgongo, sindano ikakubaliwa siku ya mwisho ikabeba lawama.

Ugwe unatoa jozi 31 za mishipa ya fahamu, kushoto na kulia, shingoni hadi mkiani. Ukikatika kifuani miguu inakwisha, mikono inabaki. Ukikatika juu kabisa ya shingo hata pumzi inakata kwa sababu mishipa ya kiwambo cha kupumulia inatokea hapo. Na kwenye ajali watu wanambeba majeruhi kwapa na miguu, shingo inaning'inia, wanamkunja kwenye bajaji, anaweza kuwa alivunjika pingili ila ugwe ulikuwa mzima mpaka nyie mlipofika.

Kuna magonjwa mawili yanaeleza ugwe kuliko mchoro wowote. La kwanza polio. Virusi vyake vinaua seli zilizo ndani ya ugwe zinazopeleka amri ya mwisho kwa msuli, ukizipoteza hizo msuli unakuwa hauna wa kuuamrisha kabisa, mguu unalegea, unakonda, ukiugonga goti kwa nyundo ya daktari hauruki. La pili konzo, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu mwaka 1938 huko Kongo na daktari Mwitaliano Trolli, ukatokea kwa zaidi ya watu 1,000 Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na kwetu Tanzania umeonekana Tarime miaka ya 1980 na Mtwara miaka ya 2000. Unatoka na mihogo michungu. Mihogo hiyo ina sumu jamii ya sianidi ambayo ukiloweka siku za kutosha, ukaivundika, ukaianika vizuri, inatoka, udaga na makopa yakitengenezwa inavyotakiwa hayana neno. Ila ikija njaa, watu wanafupisha siku, na mboga ya protini hakuna ya kuusaidia mwili kuivunja sumu, basi mtoto analala mzima anaamka miguu yote miwili haimbebi. Angalia ilivyo hiyo miguu, haijalegea, imekakamaa, anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanapishana, ukigonga goti linaruka kwa nguvu mno, ukimkwangua unyayo kidole gumba kinapanda juu badala ya kushuka.

Mmoja miguu imelegea, mwingine imekaza, na wote hawawezi kutembea. Kwa nini? Kwa sababu njia ya amri ina seli mbili zinazopokezana. Ya kwanza inatoka kwenye gome la ubongo inashuka ndani ya ugwe, ya pili inaanzia kwenye ugwe inakwenda hadi kwenye msuli. Polio inaua ya pili. Konzo inaharibu ya kwanza, ya pili imebaki hai ila haina bosi wa kuituliza, basi inakaza tu. Lile goti kuruka ni mzunguko mfupi, msuli unavutwa, taarifa inaingia kwenye ugwe na amri inarudi hapo hapo bila kusubiri ubongo, kazi ya ubongo ni kuupunguza makali. Nyundo ya shilingi chache inakwambia tatizo liko ghorofa gani, kabla hata skani haijawashwa.

Tukitoka kwenye ugwe tunaingia kwenye neva zenyewe za mwilini. Gonga kiwiko kwa ndani kidogo, ile shoti inayokwenda hadi kidole cha mwisho na cha pili yake, hapo hujagonga mfupa, umegonga mshipa wa fahamu ambao umepita juu ya mfupa bila nyama ya kuukinga. Mshipa huo huo ndo daktari wa ukoma anaupapasa, kwa sababu vijidudu vya ukoma vinapenda sehemu za mwili zenye ubaridi na vinaingia kwenye seli zinazozunguka neva, mshipa unavimba unakuwa mnene, kidole cha mwisho na cha pili yake vinakufa ganzi na kujikunja. Kwa hiyo vidole havikatiki vyenyewe kama watu wanavyosema, mtu anashika sufuria la moto hasikii, kidonda kinaoza hasikii, hivyo ndivyo vinavyokwisha.

Neva ndefu zina kitu kimoja cha ajabu, uzi mmoja wa seli moja unaweza kuanzia kiunoni ukaishia kidole gumba cha mguu, kama mita nzima, wakati seli yenyewe huioni kwa macho. Zile zenye ganda la mafuta, linafanya kazi kama plastiki ya waya wa umeme, zinapitisha taarifa hadi mita 120 kwa sekunde. Zisizo na ganda zinajikokota mita 1 tu hivi. Ukijikwaa kidole utazisikia zote mbili, kwanza unajua umegonga, kuna kakimya kidogo unawahi hata kusema "mama yangu", halafu ndo yanakuja yale maumivu mazito ya kuchoma. Kisukari nacho kinaanzia kwenye nyuzi ndefu kuliko zote, vidole vya miguu vinawaka moto usiku, ganzi inapanda kama umevaa soksi, na mgonjwa anatembea na kokoto kwenye kiatu siku nzima bila habari. Ukaguzi wa miguu kila jioni kwa mtu wa sukari ni kazi ya macho kuchukua nafasi ya neva.

Na mwisho wa uzi haugusani na msuli. Kuna upenyo mdogo sana, taarifa inavuka kwa kemikali, inamwagwa upande huu inapokelewa upande ule kisha inasafishwa haraka. Nyoka wanaijua hiyo sehemu kuliko sisi. Sumu ya koboko na baadhi ya swila inakaa kwenye vipokezi vya msuli, kemikali ikija inakuta pamejaa. Kope zinaanza kushuka, mtu anaona vitu viwili viwili, sauti inakuwa nzito, kumeza kunamshinda, mwisho pumzi. Ubongo wake mzima hausumbuliwi, anawasikia mnavyobishana kama mumfunge kamba au mumpeleke kwa mganga, hawezi tu kufungua macho awajibu. Baadhi ya sumu za kuulia wadudu shambani zinaharibu upande mwingine, zinazuia ile kemikali kusafishwa, inarundikana, basi mate yanatoka, jasho, mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inachezacheza, mapafu yanajaa ute. Daktari akimwona anajua ni nini kabla hajaambiwa, na dawa ya atropini anayompa inakwenda kukaa kwenye baadhi ya vipokezi vya kemikali hiyo, vile vya tezi za mate na vya mapafu, sio vya msuli, ili kemikali iliyorundikana ikose pa kushika, mate yakauke, mapafu yapumue, huku mwili ukisubiri sumu iishe.